Matanga Yakishaanuliwa

Shemeji yangu alipofariki, mwanawe wa pili alikuwa na miaka mitano na ushee. Msiba ulikaa nyumbani kwao Igoma, Mwanza, siku mbili, kisha mwili ukasafirishwa kwenda kuzikwa kijijini, upande wa Musoma. Mtoto alikuwa ameshapelekwa kwa jirani wa nyumba ya tatu tangu asubuhi ya kwanza, "asije akasumbuka", na mimi nikapewa kazi ya kumjibu akiuliza. Aliuliza jioni ile ile. Nikamwambia baba amesafiri. Nikaona nimemaliza.

Baada ya wiki mbili dada akanipigia kwamba mtoto amekuwa mtoro. Hakwenda mbali. Nilimkuta stendi ya Igoma, pembeni ya wachoma mahindi, amekaa juu ya kreti la soda akitazama mabasi yanayoingia kutoka Musoma. Hakushtuka kuniona. Aliniuliza kama mtu mwenye ratiba yake: "Mjomba, baba akirudi atashukia hapa au atapitiliza hadi mjini?"

Naanza na aibu yangu kwa sababu tunapozungumzia akili ya mtoto aliyefiwa huwa tunauliza kifo kimemfanya nini, tunaishia hapo. Kifo kina lake, hakuna anayebisha. Lakini ukisoma kilichoandikwa kuhusu watoto wa ukanda huu, kisha ukakaa misibani ukiwatazama watoto badala ya jeneza, unaona mengi yanayowaumiza yanafanywa na walio hai, wengi wao kwa nia njema, katika wiki na miezi inayofuata.

Igoma ni mahali pazuri pa kuliwazia jambo hili. Nchi nzima inaijua kwa makaburi. Meli ya MV Bukoba ilipozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba na Kemondo na ikiwa karibu kabisa kuingia Mwanza, sehemu ya miili iliyoopolewa ililetwa kuzikwa hapa. Meli ilijengwa kwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Walionusurika walikuwa 114. Waliokufa wanakadiriwa kupita 800. Kila mwaka ikifika tarehe ile kunafanyika ibada, viongozi wanaweka mashada, majina yanasomwa.

Hilo la daraja la tatu nililisikia mara nyingi kama habari ya uzembe, na ni uzembe kweli. Siku moja likanijia kwa upande mwingine. Mtu aliyepanda daraja la tatu akazama bila mwili wake kuonekana, mwanawe alibaki na nini mkononi? Hana jina kwenye karatasi, hana kaburi la kuoneshwa, hana siku aliyomwona mzazi amelala kimya. Ana asubuhi moja tu ambayo mtu aliaga akaenda bandarini. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, aliyetumia maisha yake kwenye familia za watu waliopotea, anaeleza kwamba msiba usio na mwili hauna mlango wa kutokea: anayeomboleza anajiona msaliti, na anayesubiri anaonekana mwendawazimu. Mtu mzima anaweza kujisukuma kwa hoja, kwamba meli ilipinduka, siku zimepita, ziwa halirudishi mtu. Mtoto wa miaka mitano hana hoja hizo. Ana kreti la soda na stendi.

Na ziwa halijaacha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, wilayani Ukerewe, kikiwa kimetoka Bugorora siku ya gulio. Kilipaswa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Ukifikiri ni nani hasa huenda gulioni Alhamisi na kurudi na mfuko wa unga, sabuni na sare ya shule, utajua kivuko kile kilijaa wazazi. Ukiacha ajali hizo kubwa zinazotangazwa redioni, kuna mitumbwi ya dagaa na sangara isiyorudi alfajiri, ambayo habari yake huishia mwaloni.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana huruma peke yake haitoshi.

Swali la kwanza ambalo mtu makini angeuliza ni hili: mtoto yatima wa huku huwa maskini, huwa na njaa, huwa hana ada. Utajuaje kinachomtesa ni kufiwa na si njaa? Utafiti mmoja mdogo uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2002 ulilikabili swali hilo moja kwa moja. Makame na wenzake walichukua watoto 41 wa miaka 10 hadi 14 waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI, wakawalinganisha na wengine 41 wa mitaa hiyo hiyo ambao wazazi wao walikuwa hai. Wale yatima walikuwa na huzuni, hofu na kujilaumu kwa kiwango cha juu sana. Asilimia 34 walisema kwamba katika mwaka uliopita wamewahi kufikiria kujiua; kwa wenzao ilikuwa asilimia 12. Watafiti walipopambanua vyanzo, waliona kulala na njaa kunachangia, kutokwenda shule kunachangia, kuwa msichana kunachangia, na uyatima wenyewe unachangia kivyake hata ukiyatoa hayo mengine. Kulikuwa na kingine kwenye orodha ambacho wasomaji wengi hukiruka: mtoto kutopongezwa anapofanya vizuri. Nilipoliona hilo nilisimama kusoma. Njaa na ada tunazijua, tunazichangia. Nani huwa anakumbuka kwamba aliyekufa ndiye aliyekuwa akisema "hongera" daftari likirudi na alama ya vema?

Miaka mitatu baadaye, wilayani Bushenyi, Uganda, Atwine na wenzake walipata sura ile ile kwa watoto 123 waliofiwa na 110 wasiofiwa: wasiwasi zaidi, sonona zaidi, hasira zaidi. Ng'ambo ya ziwa kwa upande wetu, Kagera, wachumi waliifanya kazi ambayo wanasaikolojia hawana subira nayo. Walianza na kaya zilizohojiwa kati ya 1991 na 1994, katika mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Wakawatafuta watoto 718 waliokuwa na wazazi wote wawili wakati ule, na mwaka 2004 wakawapima upya. Asilimia 19 walikuwa wamefiwa na mzazi kabla ya kutimiza miaka 15. Waliofiwa na mama walikuwa wamepoteza takriban mwaka mmoja wa shule, na sentimita 2 za kimo ambazo hazikurudi tena. Huzuni iliyoandikwa kwenye mifupa, kama ungependa kuiita hivyo, ingawa wachumi wenyewe hawasemi kwa lugha hii.

Ni lazima pia kusema upande wa pili, maana waandishi wa mambo haya tunapenda kutisha. Watoto wengi waliofiwa hawaugui akili. Huko Pittsburgh, Marekani, Nadine Melhem na wenzake waliwafuatilia watoto na vijana wa miaka 7 hadi 18 waliofiwa ghafla. Karibu 6 kati ya 10, majonzi yao yalishuka sana kati ya mwezi wa 9 na wa 21 baada ya kifo. Wengine yalishuka polepole. Takriban mmoja kati ya 10, hata karibu miaka mitatu kupita, bado alikuwa pale pale kama siku ya kwanza. Huyo ndiye wa kumtafuta. Ndiye ambaye madaktari sasa wana jina la hali yake, majonzi ya muda mrefu, lililoingizwa rasmi kwenye vitabu vya magonjwa miaka ya karibuni. Na hali ya mtoto hutegemea sana hali ya mzazi aliyebaki. Yaani ukitaka kujua mtoto atakuwaje, mtazame mama yake mjane.

Lakini mtoto wa aina hiyo hafanani na picha tuliyonayo ya mtu mwenye majonzi. Halii ukutani. Mdogo wa miaka minne anarudi kukojoa kitandani, anaganda kwenye kanga ya mama, anasema tumbo linauma kila Jumatatu. Wa miaka saba au minane anajishtaki kimyakimya: siku ile nilimkasirisha baba, nilikataa kwenda dukani, akaondoka akafa. Hamwambii mtu, kwa sababu mshtakiwa hajipeleki kituoni mwenyewe. Wa miaka kumi na minne anaamka akiwa baba wa nyumba, au anaamka akiwa mama wa wadogo zake, na watu wanamsifu kwa ukomavu. Sifa hiyo mimi siku hizi inanitia wasiwasi kuliko machozi.

Tena mtoto huhuzunika kwa vipande. Atalia dakika tano, kisha akimbie kucheza mpira wa makaratasi, kisha arudi kuuliza nani atasaini ripoti yake. Watu wazima wanaona mpira wanasema, "Huyu bado mdogo, hajui." Anajua, ila anajua kwa awamu. Uchunguzi wa Boston uliofanywa na Silverman na Worden kwa watoto 125 wa familia 70 ulionesha jambo ambalo kila mwalimu wa darasa la tatu angepaswa kuambiwa: baadhi ya watoto walikuwa na hali ngumu zaidi mwaka wa pili kuliko wa kwanza. Mwaka wa pili rambirambi zimeshaisha, na mwalimu aliyejua habari ameshahamishwa. Aliyekuwa akisoma vizuri anaanza kusinzia, anakuwa mkali, anajibu ovyo. Kanuni za mwaka 2002 za adhabu shuleni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi. Wanaojua shule zetu wanajua namba hiyo inavyoheshimiwa. Mtoto anachapwa kwa kufiwa, na anayechapa hajui.

Nisieleweke vibaya kuhusu misiba yetu. Mimi ni mtu wa misiba. Sijaona kitu kinachofanya kazi haraka kama mtaa wa Igoma ukisikia kuna jirani ameondokewa. Saa mbili hazipiti turubai limesimama, viti vimefika kwa mkokoteni, sufuria kubwa ziko juu ya mafiga, kijana mwenye mwandiko amekalia meza ya daftari la rambirambi. Mjane ana akina mama wanaomshika kushoto na kulia. Wanaume wanakesha, wanacheza bao na karata, wanacheka hata, na kicheko kile kina dawa yake. Siku kadhaa baadaye ndugu wanakaa, nywele zinanyolewa kwa wenye mila hiyo, matanga yanaanuliwa, watu wanatawanyika.

Katika mpango wote huo mtoto hana kiti. Watu wazima wana kazi: kupika, kuchimba, kuandika, kulia kwa sauti. Yeye anapewa soda na kuambiwa akacheze, au anaambiwa "jikaze, wewe ndiye mwanamume wa nyumba sasa". Haoneshwi, haulizwi, halilii jeneza. Anayemzuia anaamini anamkinga. Kisha inakuja sehemu ya pili ya msiba, kikao cha ukoo, na hapo ndipo akili ya mtoto huvunjwa bila mtu kuinua mkono. Mkubwa ataenda kwa baba mkubwa Shinyanga, wa kati atabaki na bibi, mdogo atachukuliwa na shangazi mwenye duka. Kila mmoja katika kikao hicho anabeba mzigo wa kweli, na bila ukoo watoto hawa wangekuwa barabarani. Hesabu ya mtoto ni nyingine kabisa: Jumamosi alipoteza baba, Jumapili ya pili akapoteza kaka, dada, shule, rafiki, na kitanda. Hakuna aliyekufa hapo, kwa hiyo hakuna anayempa pole.

Kuna na mali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto haki ya kufaidi mali ya mzazi wake. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, muhtasari wa kikao cha ukoo ukiwa mezani. Karatasi ni safi. Lakini mtoto hajui karatasi, anajua vitu. Anajua baiskeli, redio, koti la mvua. Siku tuliyoanua matanga ya shemeji, ndugu waligawana vitu vidogovidogo kwa utulivu na kwa upendo, na simu yake, pamoja na laini, akapewa mdogo wake. Hakuna aliyeona ubaya. Mimi nilikuwepo, nilinyamaza, na sikuona ubaya.

Kama kuna mahali tungeweza kujifunza bila kupanda ndege, ni hapo Muleba tu, ng'ambo ya maji. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Nshamba, ulianza mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya la kufariji, ukisimamiwa na Kurt Madörin wa Uswisi na walimu na wananchi wa pale. Wakati huo kila mfadhili alikuwa akileta magodoro na sare. Wao wakaanza kwa kuwauliza watoto wanawaza nini. Vijana yatima wakaanzisha chama chao, Vijana Simama Imara, wakakiendesha wenyewe: mikutano, akiba, kumtembelea mwenzao aliyefiwa, kumlimia bibi wa mwenzao. Kutokana na mbegu ile mwaka 2002 ikazaliwa REPSSI, taasisi inayofanya kazi ya msaada wa kisaikolojia kwa watoto katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ninachokipenda katika habari ya Nshamba ni kwamba mtoto hakuwekwa kama mgonjwa. Aliwekwa kama mtu mwenye msiba, anayeweza kwenda kuhani msiba wa mwingine.

Uganda, akina mama wa chama cha NACWOLA, waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI wakati dawa bado hazipatikani, walifanya jambo lililohitaji moyo mgumu zaidi. Walikaa wakaandika vitabu vya kumbukumbu kwa wanao kabla ya kufa: ulizaliwa siku gani na mvua ilikuwa ikinyesha, jina lako limetoka kwa nani, ulipenda chakula gani, babu yako alitokea wapi, mimi naumwa nini. Faida iliyoonekana mara moja ilikuwa kwamba ili uandike ilibidi kwanza umwambie mtoto ukweli. Kitabu kilikuwa kisingizio cha mazungumzo.

Kisha kuna kazi ya kitabibu iliyopimwa kwa vipimo vikali, Moshi kwa upande wetu na Bungoma kwa upande wa Kenya, chini ya Shannon Dorsey na wenzake, matokeo yakitolewa mwaka 2020. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, wote wamefiwa na mzazi na wote wakiwa na dalili za kiwewe. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo yale waliofunzwa na kusimamiwa. Watoto walikutana kikundi kwa kikundi, vipindi 12, na walezi wao wakakutana pembeni. Katikati ya mzunguko kila mtoto alikaa peke yake na mshauri, akasimulia kifo kilivyotokea: nani alimwambia, alisikia nini, alifikiri nini. Polepole, akirudia, mpaka habari ile ikaacha kumkaba. Baadaye wakazungumzia anachokikumbuka kizuri kwa marehemu, na pia asichokikumbuka kwa wema, maana kuna baba waliokuwa walevi na mtoto ana haki ya kulisema hilo. Katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti huo, watoto waliopata huduma hii walimaliza wakiwa na hali nzuri kuliko wenzao waliopata msaada wa kawaida. Si muujiza, ni vipindi 12 na mtu aliyefunzwa kusikiliza.

Wengine watauliza kuhusu vituo vya yatima, ambavyo Mwanza havikosi. Ushahidi unagongana. Utafiti mkubwa wa nchi tano, Moshi ikiwemo, uliotolewa mwaka 2009, haukukuta watoto wa vituoni wakiwa na hali mbaya kuliko wa majumbani. Uchunguzi mwingine wa hapa Tanzania wa Hermenau na wenzake ulikuta kwamba walioingizwa kituoni wakiwa na miaka minne au chini yake walikuwa na majeraha zaidi kuliko walioingia wakubwa. Mimi nasoma hivi: jengo halina neno, kinachohesabiwa ni kama kuna mtu mmoja anayebaki. Kichanga kinachohudumiwa na wafanyakazi wanaopishana kwa zamu hakina huyo mmoja. Lakini na mtoto aliyepokewa na shangazi asiyemtaka hana pia.

Huduma zipo kidogo, ila zipo. Hospitali ya Bugando ina idara ya afya ya akili; halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii, wachache mno kwa jiji hili; simu ya 116 hupokewa bure kwa jambo lolote la mtoto. Mtoto asiyelala kwa miezi, anayejiumiza, anayesema anataka kumfuata mama, huyo apelekwe bila kusubiri kikao. Lakini wengi hawahitaji hospitali. Wanahitaji kuambiwa neno "amekufa" na mtu wanayempenda, kwa lugha isiyo na safari wala usingizi, kupelekwa kaburini wakitaka, kubaki na ndugu zao kadiri inavyowezekana, na mwalimu mmoja aliyearifiwa kwa maandishi kwamba kila mwaka, ukifika mwezi aliofiwa, mtoto huyu atakuwa mgumu.

Mimi ilinichukua miezi minne. Nilimkalisha mpwa wangu nyuma ya nyumba, juu ya jiwe, maana Mwanza jiwe la kukalia halikosekani, nikamwambia baba hakusafiri. Nikamwambia gari lilipata ajali, mwili wake ukaumia sana, ukaacha kufanya kazi, akafa, akazikwa kijijini kwa babu, na kwamba mimi nilimdanganya na nilikosea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alichora chini kwa kijiti kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la hesabu:

"Kumbe ndiyo maana nikimpigia anapokea baba mdogo."